Sasa Hapa Atakufa Nani?

Mwaka 1952, Marijane Meaker, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji ya Fawcett huko New York, alikubaliwa kuandika riwaya kuhusu wanafunzi wawili wa kike wanaopendana. Mhariri wake, Dick Carroll, alimpa sharti. Mapenzi yawemo, mabusu yawemo, ila hadithi isiishie vizuri. Sababu yake ilikuwa posta. Vitabu vilisafiri kwa posta, na wakaguzi wa posta ya Marekani wakiona kitabu kinasifu mapenzi ya aina hiyo wangeweza kuizuia shehena nzima. Lakini msichana mmoja akirukwa na akili, na mwenzake akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda, hapo mkaguzi hana neno. Meaker alitii. Spring Fire ikatoka mwaka huohuo kwa jina la bandia la Vin Packer, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja, na mmoja wa wapenzi wale akaishia mikononi mwa madaktari wa akili.

Nimekaa na kisa hiki kwa muda sasa. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika historia, hapa Nairobi, kuhusu udhibiti wa filamu, na wenzangu darasani wanaandika kuhusu reli, ardhi, Mau Mau na bei ya kahawa. Mimi ninatazama vichekesho vya mapenzi vya wanawake wanaopendana. Msimamizi wangu, mzee mwenye subira, huniuliza kila tukikutana kama hii kweli ni historia au ni Ijumaa jioni. Wenzangu huuliza jingine, kwa kunong'ona: kwani wewe ni mmoja wao? Huwa najibu kwamba anayeandika kuhusu reli sijamsikia akiulizwa kama yeye ni garimoshi.

Ila swali la mzee ni zuri na linastahili jibu. Filamu nyepesi ya mapenzi unaijua hata kama huipendi. Watu wawili wanagongana mahali, wanachukiana kidogo, wanapendana, wanakosana ikifika dakika ya sabini, mvua inanyesha, wanarudiana. Wasomi huipita kama mtu anavyopita kibanda cha mitumba akiwa amevaa suti. Lakini kwa wanawake wanaopendana, ile sehemu ya mwisho, ya kurudiana, ilikuwa kitu cha magendo kwa miaka mingi kuliko ya kuhalalishwa. Ukitaka kujua dola, kanisa au studio ya filamu iliogopa nini, usiangalie busu. Angalia dakika tano za mwisho.

Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizopitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Mapenzi ya jinsia moja yaliitwa upotovu, na hata kuyadokeza tu kulikatazwa. Matokeo yake yanaonekana vizuri sana kwa mwongozaji William Wyler, ambaye alitengeneza hadithi moja mara mbili. Tamthilia ya Lillian Hellman, The Children's Hour, ya mwaka 1934, inahusu walimu wawili wa kike wanaoharibiwa maisha na mwanafunzi anayewazushia kwamba ni wapenzi. Mwaka 1936 Wyler aliifanya filamu iitwayo These Three, na uzushi ukabadilishwa: sasa mwalimu mmoja anasingiziwa kwamba ametembea na mchumba wa mwenzake. Mwanamume akaingizwa katikati na mambo yakawa sawa. Mwaka 1961 kanuni zililegezwa, na Wyler akairudia hadithi kwa jina lake halisi, Audrey Hepburn na Shirley MacLaine wakiwa walimu. Safari hii ukweli ulitajwa. Martha, mwalimu anayegundua kwamba kweli anampenda mwenzake, anakiri huku akilia, kisha anajinyonga.

Huo ndio ulikuwa mpango mpya. Kutaja kumeruhusiwa, kuishi bado. Vito Russo, aliyeandika The Celluloid Closet mwaka 1981, alikusanya wahusika wa aina hii kutoka filamu za miongo kadhaa, pamoja na namna walivyokufa: kujiua, kuuawa, kuangukiwa na mti. Mti si utani wangu. Katika The Fox, ya mwaka 1967, mmoja wa wanawake wawili wanaoishi pamoja shambani anaangukiwa na mti, na anayebaki anaondoka na mwanamume aliyeukata.

Nisije nikaonekana nasema hakuna aliyethubutu. Mwaka uleule wa 1952 Patricia Highsmith alichapisha The Price of Salt kwa jina la Claire Morgan, na katika ukurasa wa mwisho Therese anavuka mkahawa kumwendea Carol, basi, hakuna anayekufa. Baadaye Highsmith na Meaker walipendana na kuishi pamoja kwa muda, yaani aliyetii sharti na aliyelikiuka wakaishia kwenye meza moja ya chai. Ningelipa pesa nyingi kuyasikia mazungumzo yao kuhusu kurasa za mwisho. Lakini riwaya hiyo ilingoja hadi 2015 kuwa filamu, na filamu ni ghali kuliko riwaya. Kitabu mtu aliweza kukisoma chini ya blanketi. Filamu ilihitaji ukumbi, wenye pesa, na watu walio tayari kuonekana kwenye foleni.

Kwa hiyo tunafika 1985 na Desert Hearts, ambayo mimi naihesabu kuwa mama wa zote. Donna Deitch alitaka kutengeneza filamu ya mapenzi ya wanawake wawili ambayo haiishii kwa kifo wala kwa mmoja wao kurudi kwa mume. Aliichukua riwaya ya Jane Rule ya mwaka 1964. Studio kubwa hazikuwa na haja na kitu kama hicho, akatafuta pesa mwenyewe kwa kuuza hisa kwa watu binafsi, wengi wao wanawake, hadi akapata karibu dola milioni 1.5. Fedha zilipokosekana za kulipia haki za nyimbo, aliuza nyumba yake. Nyimbo tu! Ukiitazama utaelewa, maana bila muziki ule wa Patsy Cline na wenzake, Nevada ya 1959 isingekuwa Nevada ya 1959.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kama leso. Vivian, profesa wa fasihi aliyenyooka kama rula, anakwenda Reno kukaa wiki sita ili apate talaka, kwa kuwa sheria ya Nevada iliwapa talaka ya haraka wakazi wa jimbo, na ukikaa wiki sita ulihesabiwa mkazi. Anafikia kwenye shamba linalopangisha vyumba kwa wanawake wanaongoja talaka. Huko anakutana na Cay, kijana zaidi yake, anayefanya kazi kasino na kuendesha gari kinyumenyume ili aongee naye dirishani. Mwishoni Vivian amepata talaka yake, yuko stesheni, anapanda treni ya kurudi New York. Cay amekuja kumuaga. Vivian anamwomba apande pamoja naye, angalau hadi stesheni inayofuata. Cay anapanda. Treni inaondoka.

Hadi stesheni inayofuata tu! Deitch hakuwapa harusi wala watoto. Aliwapa kipande cha safari, na kwa mwaka 1985 kipande hicho kilikuwa mapinduzi. Nimeitazama mara tano na bado hunikaba kooni.

Miaka ya tisini mambo yalikwenda mbio, nami nitakwenda mbio nayo. Mwaka 1994 Rose Troche na Guinevere Turner walipeleka Go Fish kwenye tamasha la Sundance, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopigwa Chicago kwa pesa kidogo na msaada wa marafiki, na msambazaji akainunua wakati tamasha bado linaendelea. Kinachotokea ndani yake ni kwamba kundi la marafiki linahangaika kuwaunganisha wanawake wawili wenye aibu, na mojawapo ya matukio makubwa ni mtu kukatwa kucha. Wengine wataona inachosha. Mimi naona hapo kuna watu ambao hatimaye wamepata ruhusa ya kuchosha.

Nitakaa kidogo na The Watermelon Woman, ya mwaka 1996, kwa sababu inanihusu kazini. Cheryl Dunye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza mpenda wanawake kujulikana kwa kuongoza filamu ndefu nchini Marekani. Katika filamu hiyo anaigiza Cheryl, kijana anayefanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda Philadelphia. Anaona katika sinema ya zamani mwigizaji mweusi, mmoja wa wale waliokuwa wakipewa nafasi za yaya na mpishi, ambaye kwenye majina ya waigizaji ameandikwa “Watermelon Woman” tu. Cheryl anaamua kumtafuta. Anapekua maktaba, anagonga milango ya wazee, anakosana na mpenzi wake mzungu, anatukanwa na rafiki yake, na kidogokidogo anampata Fae Richards, aliyekuwa mpenzi wa mwongozaji mzungu wa kike na baadaye akaishi miaka mingi na mwanamke mwenzake. Kuna picha za Fae akiwa jukwaani, Fae akiwa pwani, Fae mzee. Halafu mwishoni maandishi yanakuambia kwamba Fae Richards hakuwahi kuwepo. Picha zote zilitengenezwa na mpiga picha Zoe Leonard kwa ajili ya filamu.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye hifadhi ya nyaraka akitafuta wanawake anaijua hali hiyo. Unafungua jalada la faini za soko la mwaka 1931 na kukuta “mwanamke mmoja, Mswahili.” Unafungua daftari la hospitali na kukuta “mke wa fulani.” Kama watu hawa hawakuandikwa majina wanapouza samaki, nani angeandika walimpenda nani? Dunye alikuwa na chaguo la kutengeneza filamu ya huzuni kuhusu pengo hilo. Alitengeneza kichekesho, chenye karaoke mbovu sana ndani yake. Wanasiasa wa Marekani hawakucheka; ruzuku ya dola 31,500 aliyopewa na mfuko wa taifa wa sanaa ililalamikiwa hadi kwenye Bunge lao.

Mwaka 1999 ikaja But I'm a Cheerleader ya Jamie Babbit, kuhusu msichana anayepelekwa kambini “kuponywa”, kambi iliyopakwa rangi ya waridi na buluu hadi macho yanauma. Bodi ya madaraja ya Marekani iliipa kwanza NC-17, daraja linaloifungia filamu nje ya majumba mengi ya sinema, mpaka Babbit alipokata sekunde chache ambazo hata ndani yake hakuna mtu aliyevua nguo. Mwaka huohuo American Pie, ambayo kijana anafanya na keki jambo ambalo sitalieleza, ilipata daraja la chini yake. Babbit hakuacha kulisema hilo.

Na Saving Face. Ukiniambia nichague moja tu ya kumwonyesha mama yangu, nitachagua hii ya Alice Wu, ya mwaka 2004. Wu alikuwa akifanya kazi Microsoft. Aliacha kazi, akajipa miaka mitano awe ametengeneza filamu yake. Watu wa studio walioipenda hadithi walimshauri awafanye wahusika wazungu, au amfanye mpenzi awe mwanamume. Alikataa yote mawili. Wil ni daktari wa upasuaji, binti wa Wachina wa Flushing, Queens, anayempenda Vivian, mcheza dansi. Lakini asubuhi moja anamkuta mama yake mlangoni na mabegi. Mama huyu, mjane wa miaka 48, ana mimba, hataki kumtaja mhusika, na baba yake amemfukuza nyumbani mpaka atakapopata mume.

Basi filamu inakuwa na siri mbili chini ya dari moja. Binti anamficha mama mpenzi wake, mama anamficha binti baba wa mtoto, na nje jamii nzima imekaa kwenye dansi ya kila Ijumaa ikihesabu nani amekuja na nani. Unaweza kuondoa vijiti vya kulia wali ukaweka sahani ya pilau, na ile ni harusi yoyote ya Mombasa. Shangazi wale nawajua mmojammoja. Najua hata viti vyao. Ndiyo maana mwisho wake unaniuma kwa raha: Wil na Vivian wanacheza dansi hiyohiyo, mbele ya watu walewale. Baadhi wanatoka nje. Wengine wanabaki, kwa sababu chakula bado kipo.

Siku hizi ziko nyingi, na si zote nzuri. Happiest Season, ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Clea DuVall ambaye alikuwa mmoja wa wale wasichana wa kambini katika filamu ya Babbit, ni filamu ya Krismasi kama zile zote, na kwa maoni yangu Abby aliondoka na mtu asiye sahihi wakati mtu sahihi alikuwa ameketi naye baa. Nimebishana hadi usiku wa manane kuhusu jambo hili. Ni ubishi mtamu mno, wa kijinga, wa aina ambayo watu wengine wamekuwa nao kuhusu filamu zao tangu sinema ilipoanza.

Sasa turudi nyumbani, ambako kisa cha mhariri na posta kilijirudia karibu neno kwa neno.

Wanuri Kahiu alikuwa tayari ametengeneza From a Whisper, kuhusu shambulio la bomu la Nairobi la 1998, na Pumzi, ile filamu fupi ya dunia isiyo na maji. Alichoka kuambiwa kwamba filamu ya Kiafrika lazima iwe na vita, ukame au ukimwi ndipo ipate ufadhili. Akaja na alichokiita AfroBubbleGum, sanaa ya Kiafrika yenye rangi na furaha, isiyo na kazi nyingine ila kufurahisha, kama chingamu. Aliweka hata kipimo chake: je, kuna Waafrika wawili au zaidi humu walio na afya? Wana pesa za kujikimu na hawangoji kuokolewa? Wanafurahia maisha? Jaribu kukitumia kwa vitabu tulivyosoma sekondari uone vingapi vinapita.

Kwa Rafiki alichukua hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, “Jambula Tree”, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, akaihamishia mtaani Nairobi. Kena anacheza mpira na wavulana na kumsaidia baba yake dukani. Ziki ana nywele za rangi kama peremende. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi wadi, kwa hiyo mabango ya baba mmoja yanabandikwa juu ya mabango ya mwenzake huku mabinti wakitazamana ng'ambo ya barabara. Kuna kibanda cha Mama Atim, ambaye anauza chakula na habari za watu, na habari ndizo zinazotoka moto zaidi. Si filamu ya kucheka mwanzo hadi mwisho: wasichana wanapigwa na umati, na kuna maombi kanisani ambayo sipendi kuyatazama tena. Lakini miaka inapita, Kena amekuwa daktari, anasimama kilimani akiutazama mji, anasikia akiitwa, na mkono unagusa bega lake. Ziki amerudi. Skrini inakuwa nyeusi.

Mkono ule ndio uliokuwa taabu. Kwa maelezo ya Kahiu, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilimtaka abadilishe mwisho, maana ulikuwa na matumaini kupita kiasi na wahusika hawakuonyesha majuto. Alikataa. Aprili 2018 bodi, chini ya Ezekiel Mutua, ikaipiga filamu marufuku, ikisema inakusudia kuendeleza usagaji kinyume cha sheria. Ilitumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyoandaliwa kabla Waingereza hawajaondoka. Mwezi uliofuata Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwa maonyesho rasmi ya Cannes. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu Dick Carroll atoe sharti lake.

Nasisitiza hili kwa sababu magazeti mengi yaliandika kana kwamba tatizo lilikuwa mapenzi yenyewe. Kama Kena angekufa, au angepiga magoti na kulia, huenda ningeiona kwa tiketi ya kawaida siku ya kawaida.

Badala yake niliiona ndani ya siku saba. Kahiu alikwenda Mahakama Kuu. Ili filamu iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, ilitakiwa ionyeshwe nyumbani kwa siku saba mfululizo kabla ya mwisho wa Septemba. Tarehe 21 Septemba 2018, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku hizo saba, kwa watu wazima walio tayari kuitazama, akisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu. Mwezi huohuo, tarehe 6, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imefuta sehemu ya kifungu cha 377 iliyoadhibu mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima, kifungu cha ukoo mmoja na chetu cha 162. Miezi michache baadaye Bollywood ilitoa Ek Ladki Ko Dekha Toh Aisa Laga, Sonam Kapoor akiwa binti anayempenda mwanamke na baba yake mzazi, Anil Kapoor, akiwa baba yake wa kwenye filamu. Kifungu chetu cha 162 kilipelekwa mahakamani pia, na Mei 2019 Mahakama Kuu ikakiacha kilivyo.

Lakini nilikuwa nasema siku saba. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulitumia pesa za chakula za siku tatu, tukakuta tiketi za saa nane zimekwisha, tukangoja za saa kumi. Ukumbi ulijaa hadi safu ya mbele, ile ya kuvunja shingo, na ndiko tulikokaa. Wimbo wa Muthoni Drummer Queen ulipoanza watu walipiga kelele kama wako uwanjani. Ikafika katikati, wale wasichana wako kwenye gari bovu lililotelekezwa, wana maua, wanacheka, wana furaha kabisa, na mwenzangu akaniinamia.

“Wewe, sasa hapa atakufa nani?”

“Nyamaza tuone.”

“Lazima mmoja afe. Ni huyu wa mpira. Kwanza anaendesha skateboard.”

Aliendelea hivyo hadi mwisho. Kila gari lililopita kwenye skrini alinishika mkono. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha historia ya kanuni za Hollywood, hakumjua Martha wala ule mti, lakini mwili wake ulikuwa umeijifunza sheria: wanawake hawa wakicheka namna hii, mtu anatayarishwa kwa mazishi. Mkono ulipogusa bega na skrini ikawa nyeusi alibaki ameniminya kiganja. Kisha taa zikawaka na akakasirika. “Mkono tu? Hata hawatuonyeshi wakikumbatiana?” Kwenye matatu alikuwa bado analalamika. Ukumbini aliingia akitarajia maiti, akatoka akidai harusi, na hayo yalimchukua dakika 80 na ushee.

Kenya ilipochagua filamu ya kupeleka Oscar ilichagua Supa Modo, ya Likarion Wainaina, kuhusu mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamsaidia kuwa shujaa kabla hajafa. Ni filamu nzuri, nililia. Naandika tu kwamba kati ya hizo mbili ilikwenda ile ambayo msichana anakufa. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO, Ouagadougou.

Na jina lenyewe. Kahiu ameeleza kwamba aliliita Rafiki kwa sababu hapa mtu akiwa na mpenzi wa jinsia yake hawezi kumtambulisha kwa jina jingine. Kiswahili kina cheche za ajabu kuhusu jambo hili. Msagaji limetokana na kusaga, nalo hutamkwa kama mtu anavyotupa maji machafu. Shoga, kwetu pwani, ni neno la mwanamke kumwita rafiki yake mpenzi, na nyanya yangu bado anamwita jirani yake hivyo kupitia dirishani. Wajukuu wanaocheka huambiwa wana adabu mbovu. Katikati ya miaka lilichukuliwa likafanywa tusi la wanaume. Neno la urafiki wa wanawake liligeuzwa tusi, na mwongozaji wa filamu akalazimika kwenda kuchukua neno jingine la urafiki lifanye kazi ya mapenzi. Kwenye tasnifu yangu sehemu hii imepigwa mstari mwekundu na msimamizi: “Inavutia. Ushahidi?” Ninautafuta.

Tarehe 29 Aprili 2020, Jaji James Makau wa Mahakama Kuu aliamua kwamba bodi ilikuwa na haki ya kuzuia Rafiki. Tulikuwa tumefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, chuo kimefungwa, mimi niko Mombasa kwenye chumba ninacholala na wadogo zangu wawili. Siku mbili baadaye, Mei mosi, Netflix ilitoa filamu ya pili ya Alice Wu, miaka 16 baada ya Saving Face. Inaitwa The Half of It. Niliitazama usiku kwenye laptopu, vipokea sauti masikioni, bando likikaribia kwisha.

Ellie Chu ni binti wa mkuu wa stesheni katika mji mdogo ambao treni hupita bila kusimama sana. Analipwa na mvulana, Paul, amwandikie barua za mapenzi kwa Aster, naye Ellie anampenda Aster huyohuyo. Mapema katika filamu yeye na baba yake wanatazama sinema ambayo mwanamume anakimbiza treni iliyombeba mpenzi wake, na Ellie anamcheka mjinga yule, maana nani aliwahi kuishinda treni kwa miguu? Mwishoni yeye ndiye anayeondoka kwenda chuo. Amembusu Aster mara moja, barabarani, na kumwambia watatafutana baada ya miaka michache. Anakaa dirishani. Treni inaanza kwenda, na nje Paul anaanza kukimbia kando yake, anahema, anapunga mkono, anajua kabisa anavyoonekana. Ellie anacheka huku analia. Mdogo wangu aliamka akaniuliza natazama nini, nikampa kipokea sauti kimoja.